Mkoromo wa Fundi Makochi

Kila asubuhi ya likizo, Kasuku alifagia karakana ya baba yake na kuokota misumari na vipande vya sponji. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu kunyamaza kulimshinda. Baba yake alikuwa fundi makochi, na siku hizi akimaliza kochi alilikalia kulijaribu, usingizi ukamchukua papo hapo. Wateja walimkuta akikoroma juu ya mali yao.

"Nilikuwa napima sponji," alijitetea.

Lakini nguvu zilikuwa zimemwishia kweli. Ubao mmoja tu ulimtoa jasho. Rafiki yake, mnyanyua vyuma, akamwambia, "Kaka, homoni ya kiume imekupungua. Nitakuletea sindano, muda si mrefu utakuwa simba."

Mama hakutaka hata kusikia. "Sindano ya mtaani? Nenda hospitali kwanza."

Baba akaenda, Kasuku akamfuata. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba homoni ilikuwa chini kidogo. Baba akachangamka. "Basi niandikie sindano, Daktari."

"Taratibu, Mzee," daktari akasema, akivua miwani. "Mambo mengi huishusha. Unalala vizuri?"

"Kama mtoto mchanga."

"Unakoroma?"

"Hata kidogo. Muulize mke wangu."

Mama huyo huyo huziba masikio kwa pamba kila usiku ili asiusikie mkoromo wake. Kasuku akafungua mdomo. Baba akamkanyaga mguu chini ya meza. Kasuku alimwonea baba yake haya, lakini hofu yake ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa chumba chake kilitenganishwa na chao kwa ukuta wa mbao uliopitisha kila sauti.

"Anakoroma, Daktari," akasema. "Halafu ananyamaza kabisa, kisha anashtuka akitafuta pumzi. Mimi huwa naogopa kwamba hatashtuka."

Baba akaondoa mguu wake polepole. "Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nyumbani sote tunaucheka mkoromo wako, Baba. Nikaona aibu kuogopa peke yangu."

Daktari akaandika haraka. "Huenda pumzi inakukatika usingizini. Mwili usiopumzika huishiwa nguvu, na homoni nayo hushuka. Sindano hizo zingeweza kuzidisha tatizo. Tuchunguze usingizi kwanza, tuutibu, kisha tupime damu tena. Ikibaki chini, tutaamua pamoja."

Uchunguzi ulithibitisha maneno ya Kasuku. Baba alipewa kifaa cha kumsaidia kupumua usiku, akaacha soda, akapungua kitambi. Miezi michache baadaye homoni ilikuwa imepanda yenyewe. Siku moja yeye na mnyanyua vyuma walibeba kochi hadi kwa mteja, Kasuku akiwafuata nyuma, na aliyeomba kupumzika njiani hakuwa baba.

"Kochi likibonyea," baba akamwambia rafiki yake aliyekuwa akihema, "usikimbilie kubadilisha kitambaa. Fungua ndani uone springi. Na daktari akikuuliza, sema kweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe Kasuku, siku nikikukanyaga mguu tena, ongeza sauti."