Pumzi ya Kaneza

Jumamosi, saa tisa alasiri, kule kwenye bandari ya Kalundu, mwalimu wa kwaya Herménégilde aliufungua kwenye kompyuta wimbo ulioandikwa vile vile alivyouimba marehemu binti yake, Kaneza, nao ukatoka mtupu kama kuku aliyenyonyolewa. Noti zote zilikuwapo. Mapambo ndiyo yaliyofutwa: mitetemo ya sauti, alama za kupaza na kushusha, na zile za kuvuta pumzi, ambazo mle kompyutani kila moja huandikwa kama neno lenye mstari wa mlazo mbele yake. Kesho ilikuwa misa ya kuanua matanga. Kaneza angeimbwa vipi bila sauti yake?

Akaitwa Mama Pudentienne, karani mstaafu wa mahakama, ambaye husemwa aliwahi kumfanya mbuzi akiri wizi wa mihogo.

Alianza na Norbert, msaidizi wa kwaya, mwenye sauti ya besi ya kuwakimbiza samaki hadi Burundi. Norbert alikiri kuzichukia alama za pumzi zilizokata maneno katikati. Kosa hilo, alisema, hata mwanafunzi halifanyi. Lakini kompyuta hajui hata kuiwasha.

Toussaint, fundi wa kompyuta, alikagua saa za nakala zilizohifadhiwa.

"Mama, minye ningefuta yote kwa amri moja. Huyu alifuta moja moja, leo asubuhi, toka saa tatu mpaka saa sita. Na pumzi moja ameiacha, mstari wa mwisho."

Saa hizo mwalimu alikuwa mazoezini. Pudentienne aliutazama mkono wa kuume wa mwalimu, uliopooza tangu Pasaka. Kaneza alikufa mwezi wa saba, na wimbo ukaandikwa baadaye.

"Mwalimu, huu wimbo nani alikuandikia?"

"Mama Kaneza. Minye nataja, yeye anabonyeza."

Consolate, mkewe, alikuwa mlangoni na sinia la mchele. Hakukana.

"Weye unasema ni mapambo," alimwambia mumewe. "Ile pumzi katikati ya neno ilikuwa kifua chake. Minye nilikuwa naihesabu nyuma ya ukuta. Sasa watu makumi ine waniimbie ugonjwa wake?"

Mwalimu aliigeukia kompyuta.

"Nilimusifu," alisema. "Mbele ya kwaya nzima. Nilifikiri anapamba."

Pudentienne akauliza kwa nini ile moja iliachwa.

"Vidole vilikataa, dada."

Jumapili kwaya iliimba bila pambo. Kwenye mstari wa mwisho, katikati ya neno, sauti zote zikakatika. Wapo wanaoapa kwamba hata injini za boti bandarini zilizimika. Katika kimya hicho ikasikika pumzi moja tu, ya mama yake Kaneza.