Yustina na Shamba la Juu

Kila asubuhi wanawake wa kijiji hupita mbele ya nyumba ya Yustina. Wamejitwisha matenga ya kabichi na karoti, wanateremka kuuza mjini Morogoro. Yustina husikia vicheko vyao kabla hajawaona. Zamani yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Sasa anakaa barazani, anachambua maharage. Ana ugonjwa wa kisukari. Wakati wa masika aliugua sana, akalazwa. Aliporudi nyumbani, mume wake Fidelis alimkataza kazi zote. Hata ndoo ya maji haruhusiwi kugusa.

"Fidelis, nikikaa hivi nitaota uyoga," Yustina alilalamika.

"Ota tu. Tutachuma mboga."

Walicheka. Lakini siku hiyo alikuja Wilfred, mjomba wa Yustina, na kicheko kikaisha.

"Shikamoo, mjomba," Yustina alisalimu.

"Marahaba. Nimekuja kwa habari ya shamba la juu."

Shamba hilo lilikuwa la marehemu mama yake Yustina. Kwa Waluguru, ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwangalizi. Tangu Yustina augue, shamba lilikuwa limejaa majani.

"Nitalilima mimi, mjomba," Fidelis alisema.

"Wewe ni mkwe. Unaweza kusaidia, lakini shamba lina mwenyewe. Kabla ya mvua za vuli nitapanda kulitazama. Nimkute Yustina na jembe lake. Nisipomkuta, nampa mwingine. Ukoo una watu wasio na pa kulima."

Yustina aliacha kuchambua maharage.

Kesho yake Fidelis alikwenda kuchota maji. Yustina akameza vidonge vyake vya kisukari upesi upesi. Chai hakunywa. Alijiambia kwamba tumbo tupu ni jepesi, litapanda mlima haraka. Akavaa kandambili, akachukua jembe, akaondoka.

Hakufika mbali. Magoti yalianza kutetemeka. Jasho jembamba likamtoka. Njia ikawa kama inazunguka. Alikaa chini kando ya migomba, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka.

Fidelis alimkuta hapo. Alipiga kelele. Martina, jirani yao, alikuwa anateremka kutoka shambani kwake. Yeye ni mhudumu wa afya wa kijiji.

"Amekula nini leo?" Martina aliuliza.

"Hajala! Amemeza dawa tu. Chai nimeikuta jikoni."

"Yustina, unanisikia? Unaweza kumeza?"

Yustina aliitikia kwa kichwa. Martina alitoa sukari kwenye kikapu, akaikoroga katika kikombe cha maji. Fidelis alimshika mkono.

"Unataka kumuua? Huyu ana kisukari!"

"Niachie mkono, shemeji! Sukari yake imeshuka. Dawa imeishusha, mlima umeishusha, na tumboni hamna kitu. Tunampa sasa, akiwa bado anaweza kumeza. Akizimia, hatumnyweshi chochote. Tutamkimbiza hospitali."

Fidelis aliachia. Yustina alikunywa, kidogo kidogo. Walingoja. Fidelis alimfuta mkewe jasho.

Mwishowe Yustina alifumbua macho vizuri. "Mbona mnanitazama kama maiti?"

"Kwa sababu nusura uwe maiti," alijibu Martina. "Sasa kula na ndizi hii. Wewe unataka kutoka kitandani na kuruka moja kwa moja hadi kileleni? Hata mbuzi hafanyi hivyo."

"Basi nisipande tena? Shamba liende?"

"Nani kasema? Kukaa tu nako kunakudhuru. Mazoezi ni dawa. Lakini dawa huimezi chupa nzima kwa siku moja."

Martina aliwapeleka kliniki. Daktari alimpima Yustina na kupanga upya dawa zake. Alimruhusu kuanza mazoezi, polepole.

"Anza kwenye tambarare, pale karibu na kanisa," Martina alimwelekeza. "Kula kwanza. Vaa viatu vya kufunika vidole, maana kidonda cha mguu kwako ni hatari. Beba sukari mfukoni. Tembea huku unaongea. Ukishindwa kuongea, umezidisha. Ukitetemeka, kaa, ule sukari. Kifua kikiuma, simama na utuite. Ukizoea, ongeza kidogo. Siku ukiwa na homa, pumzika."

Yustina alianza. Aibu ilimjaa. Mlimani mtu hatembei bure, bila mzigo wala jembe. Majirani walimsimamisha.

"Yustina, kuna msiba? Nani kafa?"

"Uvivu wangu," alijibu. "Twende tukauzike."

Wiki zilipita. Kutoka tambarare alihamia kwenye mwinuko mdogo, kisha mkubwa kidogo. Siku moja homa ilimshika, akalala. Mawingu ya vuli yalianza kukusanyika juu ya milima. Alilia, lakini hakutoka. Alipopona, alirudi nyuma, akaanza tena na tambarare.

Kisha mjomba Wilfred akaleta habari. Kesho anapanda kulitazama shamba.

Yustina alikula, akatangulia mapema na Fidelis. Katikati ya njia magoti yakaanza kutetemeka. Shamba lilikuwa linaonekana. Nyuma yao, mjomba alikuwa anakuja na fimbo yake.

"Nikubebe?" Fidelis alinong'ona.

"Ukinibeba, atakuwa amemkuta nani?"

Alikaa chini. Alilamba sukari, akala kiazi. Mjomba aliwafikia.

"Umeshindwa?"

"Ninapumzika, mjomba."

"Mimi sipumziki." Akapita.

Yustina alitamani kuinuka amkimbilie. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye jembe. Lakini hakuinuka. Alingoja mpaka mtetemo ukaisha kabisa. Ndipo akapanda, taratibu, akiongea na Fidelis njia nzima.

Mjomba alikuwa amesimama kwenye majani.

"Umechelewa."

"Nimefika."

Yustina alilima tuta moja. Kisha akaweka jembe chini.

"Mbona umeacha?"

"Leo inatosha. Kesho nataka kurudi."

Mjomba alilitazama lile tuta. Akachokonoa udongo kwa fimbo.

"Huku panda maharage," alisema. "Kabichi zitachukuliwa na maji."

Fidelis alisogea karibu. "Kwa hiyo, mjomba, shamba..."

"Mkwe, nimesema maharage. Hujasikia?"