Duara la Ukutani

Muziki ulikuwa umezimwa, lakini duara ukutani liliendelea kucheza.

Fundi wa picha alidhani ni macho yake tu. Alikuwa ameshinda sebuleni, mapazia yamefungwa, projekta ikimwaga rangi ukutani. Kazi yake ilikuwa hiyo: programu moja inapiga muziki, nyingine inachora, na katikati anaunda njia ya sauti ndani ya kompyuta, isiyo na waya wala spika, ili picha zicheze kwa kumfuata mwimbaji. Sauti ikipanda, duara linavimba. Kukiwa kimya, linatulia. Halina akili nyingine, duara maskini.

Sasa palikuwa kimya kabisa, nalo lilikuwa likivimba na kunywea taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Chiriku! Hebu njoo uone."

Mdogo wake akatokea jikoni, mikono imejaa povu. Jina hilo la utani alibandikwa utotoni kwa sababu hakuwahi kufunga mdomo. Sasa alikuwa mwimbaji, na Jumamosi angeimba ukumbini kwa mara ya kwanza, dada yake akimchorea.

"Dada na wewe! Umeacha maiki wazi."

"Maiki gani? Imo kwenye mkoba."

Chiriku akacheka, na kicheko kikakatikia kooni. Alipojaribu kusema, sauti ilitoka imekwaruzika. Ukutani, duara likavimba kama tumbo lililoshiba.

Kesho yake alikuwa ananong'ona. Daktari akammulika koo, akasema ni zima, apumzike tu. Apumzike! Mtoto wa watu anazimika hivihivi, unaambiwa apumzike! Fundi alifunga programu zote, lakini ile njia bado ilionyesha kuna sauti inapita, na sebule ikaanza kunuka nywele zilizoungua. Aliogopa, asikudanganye mtu. Akampigia simu shangazi yao, mganga wa majini, ambaye ukoo mzima humcheka mpaka mtu augue, akamweleza yote.

Shangazi aliingia, akakunja pua.

"Hiyo njia yako inaishia wapi, mwanangu?" alinong'ona.

"Kwenye picha tu, Shangazi. Haitoki nje."

"Basi umejenga nyumba tupu, na mpangaji ameshaingia. Anakula sauti ya mwenzio."

"Nizime?"

"Thubutu! Ukizima sasa, unaizima na sauti ya mdogo wako humohumo. Mfungulie mlango, mimi nitamwamuru atoke."

Fundi akaielekeza njia kwenye spika. Chiriku alikaa katikati ya chumba ameng'ang'ania kiti, machozi yanamtiririka bila sauti.

"Uliyemo ndani, toka!" Shangazi akaamuru, na kwanza spika zikavuma tu, kisha ikaja pumzi, nzito, ya mtu aliyeweka mdomo sikioni mwako, na ile harufu ikapanda mpaka fundi akaziba pua, na pumzi ikageuka kicheko, kikazunguka kutoka spika hii hadi ile, kikizidi kuwa chembamba, kikizidi kumkaribia mdogo wake, mpaka Chiriku akajikunja kwenye kiti, akapiga ukelele kwa sauti yake yote.

Kisha kukatulia.

"Dada," akasema Chiriku. Sauti safi kabisa!

Jamani, walilia. Walikumbatiana, wakacheka, wakalia tena. Shangazi akajifuta jasho, akasema hata maji hajapewa.

"Tufanye mazoezi," Chiriku alisema.

Fundi akafungua tena programu, akachomeka maiki. "Moja, mbili," akajaribu, duara likavimba. Shangazi akakohoa, nalo likashtuka. Fundi akampa Chiriku maiki. Chiriku akaimba vizuri kuliko siku zote, sauti ikajaa sebule mpaka glasi zikatetemeka mezani.

Duara halikutikisika.

"Mbona halichezi, Dada?" Chiriku aliuliza ndani ya maiki, akitabasamu. Halikusogea hata kidogo.

Shangazi alikuwa anarudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Shangazi," fundi alinong'ona, "ulimwamuru nani atoke?"

"Aliyemo ndani."

"Na humo ndani walikuwemo wangapi?"

Shangazi akapapasa kitasa cha mlango. Fundi akachomoa maiki. Kukawa kimya. Hapo ndipo duara lilipoanza kupiga ukutani, harakaharaka, bila kupumzika, mapigo ya mtu ambaye tangu utotoni hakuwahi kufunga mdomo.

"Mdogo wangu!" Fundi aliirukia kompyuta, lakini mkono wa Chiriku ulikuwa umeshafika kwenye kitufe cha kuizima.

"Umechoka, Dada," alisema kwa ile sauti nzuri. "Pumzika."

Akabonyeza.