Tafsiri ya Msimamizi

Mwenye karakana ya ushonaji alikutwa amelala kifudifudi juu ya meza ya kukatia, na jeraha moja la kuchomwa shingoni. Mkasi wake mkubwa haukuonekana. Mlangoni, mlinzi alikuwa tayari ametiwa pingu kwa sababu ya damu kwenye shati lake.

"Nilimwinua tu, afande! Nilidhani yu hai!"

Shahidi alikuwa mmoja: fundi wa cherehani, mwanamke kiziwi, aliyekutwa amejificha stoo. Mkalimani wa polisi alikuwa bado njiani. Msimamizi wa karakana, mdogo wake marehemu, akajitolea haraka haraka kumtafsiria.

"Nimefanya naye kazi miaka kumi, afande. Hanipi shida."

Inspekta akamkubalia kwa kichwa. Binti yake wa mwisho alizaliwa hasikii, na miaka saba ya kumtazama akiongea kwa ishara mezani ilimfunza lugha hiyo. Kujibu kulimshinda, kuelewa alielewa. Zamani alikuwa akiikodolea macho mikono tu, mpaka binti alipomkamata kidevu na kumwinua atazame uso.

"Muulize alimwona nani."

Msimamizi akaonyesha ishara. Uso wake mkavu, nyusi hazikusogea. Swali haliulizwi hivyo. Ilikuwa amri: mlinzi, sema mlinzi.

Fundi akatikisa kichwa kwa hasira. Akamnyooshea msimamizi kidole kifuani, kisha ngumi yake ikachoma hewa.

"Anasema, 'Wewe unajua, ni mlinzi aliyemchoma.'"

Inspekta alikuwa ameelewa ishara zote. Mwanamke anasema kweli mbele ya askari sita, na wote wanamsikiliza mwongo! Alitamani kumrukia palepale, akajizuia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

"Mkasi uko wapi?"

Mikono ya fundi ikaruka: vipande vya nguo, gunia, dirisha, chini kabisa.

"Hajui."

"Yote yale, hajui?"

"Viziwi wanazunguka sana, afande."

Inspekta akavaa glavu, akaliendea gunia la vipande chini ya dirisha, akazamisha mkono hadi begani. Akaibuka na mkasi, umeviringishwa katika aproni ya bluu iliyolowa damu. Mafundi wote walivaa kijani. Bluu ilikuwa ya msimamizi peke yake.

Msimamizi akakaa chini bila kuambiwa.

"Nani kakuonyesha?"

"Yeye. Ulikuwepo akisema."

"Nilijua bila mimi hakuna atakayemwelewa." Akaitazama aproni. "Kaka alitaka kumkabidhi huyu meza ya kukatia, awe mkuu wetu. Leo asubuhi kaniambia. Miaka kumi namsemea, halafu aniamuru mimi? Mkasi ulikuwa karibu, afande."

Pingu zikahama mikono. Mlinzi akajipangusa machozi, akamshukuru Mungu, fundi na inspekta, kwa mpangilio huo.

Fundi akamshika inspekta mkono, nyusi kazikunja: amesema nini?

Inspekta akahangaika na vidole vyake. Bosi wako. Meza ya kukatia. Akakosea, akarudia. Alikuchagua wewe.

Fundi hakuwa ameambiwa. Akajigusa kifua, nyusi juu: mimi?

Inspekta akaitikia kwa kichwa. Fundi akamwinamia mzee wake pale mezani, akalia kwa sauti ambayo karakana ile haikuwahi kuisikia.