Upande wa Pili Haufai

Taulo ndilo lililocheka kwanza.

Ilikuwa asubuhi, jua limejaa mlangoni, na Kinyozi alikuwa amesimama katikati ya duka lake, mkasi hewani, akitoa hukumu kuhusu santuri iliyokuwa ikizunguka kwenye mashine. "Upande wa kwanza, nakubali. Upande wa pili haufai hata kutegea panya." Hapo taulo la moto kwenye kiti likacheka, hehehe, kwa sauti nzito kama iliyotiwa mchanga.

"Kipara, unacheka nini?"

"Nani kacheka?" Kipara akajibu. Ila alijibu kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa ameinuka kitini zamani, Kinyozi anahubiri na macho ameyafumba.

Kinyozi akageuka. Taulo lilikuwa wima kitini, lina pua, lina kidevu, linafuka mvuke. Akalivuta. Chini yake hapakuwa na mtu. Harufu ya nywele zilizoungua ikampanda puani, na siku hiyo hakuwa ameunguza hata unywele mmoja.

"Mvuke," akasema.

"Mvuke una meno siku hizi?" Kipara akauliza, lakini chai yake haikunyweka tena.

Sasa, Kinyozi alikuwa mwongo, na alikuwa mwongo mwenye kipaji. Kipara mwenyewe, aliyekuja kila asubuhi kunyolewa ndevu na kubishana, aliambiwa mwaka hadi mwaka kwamba nywele zinarudi. Mteja mwenye masikio kama milango ya kabati aliambiwa amependeza. Lakini kwenye muziki wa roki na kantri-roki, Kinyozi hakuwahi kudanganya, hata kuokoa urafiki. Alishikilia kwamba albamu ya kwanza ya kundi lolote ndiyo bora, kwa sababu gitaa linapigwa na njaa. Kwamba gitaa la kulaza, lile linalopigwa likiwa limelala kama mgonjwa, kazi yake ni kulia, si kudeka. Kwamba mpiga ngoma anayejionyesha ni sawa na mgeni anayeingia harusini kwa watu na kujikalisha kiti cha bwana harusi. Na kwamba albamu zinazorekodiwa jukwaani mbele ya watu ni njia ya kundi kukuambia kwa heshima kuwa nyimbo zimekwisha.

"Na wote hao unaowapenda," mkewe alizoea kumwambia kutoka nyuma ya pazia, ambako alishona nguo za watu, "wana nywele mpaka kiunoni. Dunia ikiwasikiliza wao, sisi tutakula nini?"

Santuri yenyewe aliipata mnadani, katikati ya fungu la nyingine. Jalada jeusi, halina jina wala picha. Upande wa kwanza ulimtoa machozi, akasingizia sabuni. Upande wa pili ulimtia hasira, na hiyo hakuisingizia kitu.

Baada ya kile kicheko, mkewe akaanza kuimba. Kinyozi alisikia nyuma ya pazia sauti ikivuma polepole, wimbo wa pili wa upande wa pili, ule ule mbovu.

"Mke wangu! Katika nyimbo zote za dunia, umechagua huo?"

Akafunua pazia. Mkewe alikuwa amefumba midomo, ameibana kwa meno, macho yamemtoka. Sauti ilitoka kooni mwake, nzito, yenye mchanga. Akamshika mumewe mkono, akauweka kwenye koo lake, na Kinyozi akahisi kitu humo ndani kinacheza kwa mapigo yake chenyewe.

"Si mimi," mkewe akanong'ona akiiba pumzi. "Bwana wee, si mimi. Anapumua pumzi zangu."

Tangu hapo hawakujua raha. Kinyozi aliivunja ile santuri kwa goti, akaikuta nzima kwenye mashine. Akaitia motoni, akaikuta inazunguka, haina hata jivu. Mkewe akila, wimbo unapita juu ya chakula. Akilala, wimbo haulali, na Kinyozi anakaa kando yake akisikiliza sauti ya mwanamume asiyemjua ikitoka kwa mwanamke anayemjua kuliko kiganja chake, huku nyuma ya pazia cherehani inashona peke yake, kikanyagio kinapanda kinashuka bila mguu, sindano inatoboa hewa kwa mapigo yale yale ya ngoma iliyochoka, na harufu ya nywele zilizoungua inatambaa kutoka dukani mpaka kitandani, inaingia kwenye mto wa kulalia, inaingia kinywani. Mwanamke akakonda. Sauti yake mwenyewe ikabaki uzi.

Kipara ndiye aliyemleta mganga. Mganga akaingia na mkoba, akanusa mara moja, akatikisa kichwa kama fundi aliyeona bomba lililopasuka.

"Jini msanii, mwimbaji wa hiyo santuri," akasema kwa sauti ya chini. "Hawa hawafukuzwi. Hawa husifiwa, wakishiba huondoka wenyewe."

Akamkalisha mke kwenye kiti cha kunyolea, akaanza: ewe bingwa, ewe koo la asali, ewe usiye na mfano! Vioo vikatetemeka. Mashine za kunyolea zikaanza kunguruma mezani, na hakuna hata moja iliyokuwa na umeme. Kisha ule wimbo ukasimama, na midomo ya mkewe ikafunguka.

"Huyu sitaki," sauti ikasema. "Nataka yule. Yule mwenye mkasi. Aseme upande wa pili ni mzuri."

Wote wakamgeukia Kinyozi.

"Sema basi!" Kipara akanong'ona. "Neno moja tu! Mimi umeniambia nywele zinarudi miaka yote hii!"

"Kumbe ulijua?"

"Nina kioo nyumbani, ndugu yangu!"

Kinyozi akamtazama mkewe. Kwa mara ya kwanza maishani akadanganya kuhusu muziki. "Ni... ni mzuri."

Jini akavimba. Walimsikia akivimba, kama mlango wa mbao uliolowa mvua. Wimbo ukarudi kwa kishindo, ukamrukia Kipara kooni, naye akaanza kuvuma huku anajiziba mdomo kwa mikono miwili. Mganga akasema, "Msiogope, msiogope," kisha mguu wake ukaanza kugonga sakafu, kidole kikafuata, bega likafuata, na akatoka mlangoni akiimba wimbo ule ule, mkoba kausahau. Mganga hajigangi.

Mkewe akamvuta Kinyozi shati. Ilibidi ainame mpaka sikio liguse midomo yake.

"Ulipomsifu," akasema, "akanikalia mzima mzima. Hizo sifa ndizo chakula chake. Mnyime."

Kinyozi akasimama wima. Akaiendea mashine ya santuri, akaweka sindano mwanzo wa upande wa pili. Nyuma yake wembe wa kukunja ukafunguka wenyewe mezani, ukaelea, ukaja kutua chini ya kidevu chake, baridi kama ulimi wa nyoka. Wahenga walisema ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Hawakusema mwenye kunyoa akinyolewa na wembe wake, tena pakavu, afanye nini. Yeye akafanya alichokijua.

"Wimbo wa kwanza," akasema, na wembe ukapanda na koo lake kila alipotamka neno, "umeanza kabla hujajua unataka kusema nini, na ulipojua ulikuwa umekwisha. Wa pili, gitaa la kulaza halilii, linadeka, kama mtoto aliyeanguka akaangalia kwanza kama mama anamwona. Wa tatu una wapiga ngoma wawili kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika. Wa nne unataja barabara, barabara, barabara, na hakuna hata mtu mmoja anayekwenda popote! Kata! Nikate! Hata kichwa kikiwa sakafuni kitasema haufai!"

"Walinipigia makofi!" jini akapiga kelele, na kioo cha kati kikapata ufa. "Watu wote walisema ni mzuri!"

"Ndio waliokuua! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Upande wa kwanza ulipiga gitaa kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua, na mama yake yumo ndani. Upande wa pili unagonga ili tuzione pete zako."

Wembe ukatetemeka. Tone moja la damu likamshuka Kinyozi kwenye kola. Hapo sauti ya mwanamke ikasikika, nyembamba, imekwaruzika, lakini yake mwenyewe:

"Na huo wa mwisho ni mrefu mno."

Wembe ukaanguka. Kipara akanyamaza, akakaa chini palepale kwenye nywele za watu. Kitu kikakohoa karibu na spika, na kikauliza polepole, kama mtu anayeuliza mlangoni akiwa tayari ameshika kofia yake: "Ule upande wa kwanza. Ulikuliza kweli?"

"Wimbo wa tatu," Kinyozi akasema. "Nikasingizia sabuni."

Harufu ikaondoka. Santuri ikapasuka katikati, safari hii ikabaki imepasuka.

Mkewe alilala, akaamka, akala, akamtukana mumewe kwa kutofagia duka, na nyumba ikawa nyumba. Mpaka mchana mmoja Kinyozi alipokuwa amefika nusu ya ndevu za Kipara, na nyuma ya kioo chenye ufa, ndani ya ukuta, gitaa likalia. Noti tatu. Likakosea. Likaanza tena. Likakosea palepale.

Kipara akatoka mbio na ndevu upande mmoja.

Mke akafunua pazia, mkono kooni. "Amerudi."

"Hajarudi," Kinyozi akanong'ona. "Hakuondoka. Anafanya mazoezi." Akagonga kioo kwa kitana. "Bado!"

Kisha gitaa likaanza tena mwanzo, na lile kosa likapungua kidogo.

"Na siku akipiga vizuri," mkewe akauliza, "utamwambiaje?"

Kinyozi akatafuta uongo, yeye bingwa wa uongo, asiupate. "Nitamwambia amepiga vizuri."

Mkewe akamtazama mpaka akainamisha macho. Kisha akavuta stuli, akaiweka mbele ya kioo, akakaa karibu hata pumzi zake zikafanya ukungu juu ya ule ufa.

"Umesikia, wewe? Huyu ana moyo laini. Kabla hujamfikia yeye, utapita kwangu, na mimi sijakusamehe koo langu. Haya, anza."

Nyuma ya kioo kitu kikameza mate. Halafu gitaa likaanza upya, taratibu sana, kwa woga.