Usimgeuze Cassien

Cassien alianza kulala akiwa amesimama. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshapanda, katika karakana yake ya kuchomelea karibu na uwanja wa ndege wa Kamembe. Alikuwa ameinamia geti la mteja, maski ya kuchomelea imemfunika uso wote, na vijana wake wakadhani anakagua kiungo. Ndipo wakaona waya wa kuchomelea umegandia kwenye chuma na kuwa mwekundu mzima, suruali yake inafuka moshi gotini, na mwenyewe hata hatikisiki. Nyuma ya maski ilisikika sauti ya kukoroma, nzito, kisha ikakatika ghafla.

Mkewe Benitha, aliyezaa naye binti mmoja, Reine, alimsafisha jeraha mchana huo.

"Papa Reine, ulikuwa unalala ku kazi?"

"Sikulala. Nilifunga tu macho kidogo."

Mwanamke mwingine angecheka. Benitha hakucheka, kwa sababu kulikuwa na jambo la usiku ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Kukoroma si habari. Wanaume wengi wa Kamembe hukoroma, wake zao wakasengenya bombani, siku ikaisha. Lakini kukoroma kwa Cassien kulikuwa na shimo katikati. Kulipanda, kukapanda tena, kukatikisa kitanda, halafu ghafla kimya. Usiku mmoja Benitha aliwasha taa ya simu amtazame, na tangu hapo hakuwahi tena kulala kwa amani. Kifua cha mumewe kilikuwa kinapanda, tumbo linavutwa ndani, mbavu zinahangaika, lakini alipoweka kiganja mbele ya mdomo wake hapakuwa na hewa hata chembe, si ya kuingia wala ya kutoka, ni mdomo uliokauka na ile harufu ya chuma kilichoungua ambayo sabuni haikuiondoa, na shingo nene iliyojaa jasho, na macho yaliyofunuka nusu pasipo kumwona mtu, kana kwamba kuna kitu kimemkalia kooni na hakina haraka. Kisha akashtuka, akavuta pumzi kwa mlio wa mtu anayetolewa majini, akageuka, akakoroma upya. Asubuhi hakukumbuka lolote. Alilalamika kichwa kinamuuma, akanywa maji vikombe vitatu, akaenda kazini akiwa amechoka kuliko alivyokuwa alipolala.

Benitha aliogopa, na mimi simlaumu. Alichokifanya kwa hofu ile ndicho kilichomponza. Alikwenda kumwambia Habimana, kaka mkubwa wa Cassien, ambaye ndiye aliyemlea huko Bukavu, ng'ambo ya Kongo, akamfundisha kuchomelea, kisha wakarudi pamoja Rwanda. Habimana alimsikiliza hadi mwisho, rangi ikamtoka.

"Ni ile ya papa yetu," alisema kwa sauti ya chini. "Papa alikuwa anakoromaka vile vile. Inakatika, inarudi, inakatika. Siku moja haikurudi. Batu balisema ni kintu inamukaliaka ku kifua. Sasa imekuya kwa mutoto."

"Mungu wangu. Tutafanya nini?"

"Iko muzee moja kule Rwimbogo. Usiongee na muntu."

Mganga alikuja siku ya pili, mzee msafi, mpole, koti limepigwa pasi. Aliitwa Nsengiyumva. Hakupiga ngoma wala kupandisha sauti. Aliinamisha sikio kwenye kifua cha Cassien kama fundi anayesikiliza injini, kisha akasema ni jini, limerithiwa, limejenga kooni. Angekwenda kuchimba dawa na kurudi baada ya wiki mbili. Masharti yake yalikuwa machache: mgonjwa atakunywa, atalazwa chali uso ukitazama dari, kwa sababu jini lile hutoka kwa mdomo wazi. Asiguswe, asigeuzwe, asiitwe jina. Dalili ya kwamba linatoka ni kukatika kwa ile sauti.

"Ikikatika, mushukuru," alisema. "Muntu akimugeuza, inarudi ndani na hasira."

Benitha aliitikia kwa kichwa. Alimwamini. Kusema kweli alilala vizuri siku ile, maana mzigo ulikuwa umepata mbebaji.

Wiki haikuisha kabla ya jino la Cassien kupasuka. Lilipasuka lenyewe, usingizini, kwa kusaga meno. Maumivu hayangoji mganga, kwa hiyo mume na mke wakaenda kwa daktari wa meno hapo hapo mjini, dada mmoja kijana aitwaye Ikirezi. Alimfungua mdomo, akatazama. Kisha akatazama tena, safari hii nyuma kabisa, kule ambako hakuna jino.

"Papa, meno yako yote imelika. Unayisagaka usiku. Na ulimi ni mukubwa, inajaza njia yote." Akamgeukia Benitha. "Maman, ni weye unalalaka naye. Anakoromaka?"

Benitha akaitikia. "Ndiyo."

"Na pumzi inakatikaka?"

Nani alimwambia? Benitha alianza kulia mbele ya daktari, na katika kulia akasimulia yote, shimo, kifua, mlio wa kuzama, kulala nyuma ya maski. Mganga tu ndiye hakumtaja, kwa aibu.

Ikirezi alichukua kitambaa laini, akakikunja kama koo. "Banaitaka apnée ya usingizi. Ukilala, nyama ya ku koo inalegea, ulimi inaanguka nyuma, njia inafunga." Akakifinya kitambaa. "Kifua inavuta, hewa haipiti. Ubongo unamushtua, anapumua, anarudi tena. Mara makumi mu usiku moja. Ndiyo maana anasinzia muchana. Moyo inachoka, Maman. Haiko kintu ya kucheka."

"Haiko jini?" Benitha aliuliza.

"Ni njia ndogo. Miye siwezi kuhakikisha peke yangu, itabidi bamupime usingizi kule Kigali. Nitaandika barua. Kama ni nyingi sana, batamupatia mashine ya kusukuma hewa. Kama si nyingi, miye nitamutengenezea kintu ya kuvaa ku meno, inavuta taya ya chini mbele, ulimi hauanguki. Mbele ya ile yote, asinywe pombe, asinywe dawa ya kulaza. Na asilale chali. Chali, hapana kabisa. Umulaze ku mbavu."

Miadi ya Kigali ikawekwa mwezi uliofuata. Usiku ule Benitha alimlaza Cassien ubavu, akashonea mpira wa Reine mgongoni mwa fulana yake ili asigeuke. Alikoroma kidogo, bila shimo. Usiku wa pili vilevile. Siku ya nne Cassien aliamka akiimba, na Benitha akaona mtu aliyemwoa amerudi nyumbani.

Habimana alipopewa habari hizo njema, hakufurahi.

"Dokteri ya meno? Kwa ugonjwa ya kifua?" Alimtazama mdogo wake kwa huruma. "Inajificha, Cassien. Imesikia Muzee anakuya, inanyamaza. Ata kwa papa ilinyamaza wiki moja."

Hilo la baba yao ndilo lililomkata Cassien maini. Benitha alimsihi chumbani kwa kunong'ona, akamkumbusha kitambaa, barua, Kigali. Cassien alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono imelala mapajani.

"Maman Reine, miye ndiye niko ndani ya hii mwili. Ninasikiaka kintu inanikalia. Kigali ni mwezi moja. Yaya Habimana ni mukubwa yangu, siwezi kumukatalia. Ni usiku moja tu."

Nsengiyumva alirudi Jumamosi na chupa ya majani yaliyolowekwa kwenye pombe kali ya ndizi, dawa ya kulilevya jini. Cassien akanywa vikombe viwili. Macho yakalegea kabla hajamaliza kusali. Wakamlaza chali kwenye mkeka sebuleni, mto wakauondoa. Habimana akaketi kichwani, mganga miguuni, na Benitha akaambiwa akae mlangoni, maana yeye ndiye mwenye mkono mwepesi wa kumgusa.

Kukoroma kulianza mapema, kukubwa kuliko Benitha alivyowahi kusikia, mabati yakaitikia, na kila kulipokatika wale wanaume wawili walitazamana kwa matumaini huku yeye akiubana mlango kwa kucha, akihesabu moyoni kumi, kumi na tano, ishirini, hadi ule mlio wa kuzama urudi, na kila uliporudi wao walisikitika na yeye akapata uhai, hivyo usiku mzima wakiwa chumba kimoja wakiomba vitu viwili visivyopatana. Kuelekea alfajiri ikakatika tena. Alihesabu ishirini. Kifua kilikuwa kinapigana. Arobaini. Midomo ya Cassien, katika mwanga wa taa, ikawa rangi ya majivu. Hamsini, na kifua nacho kikaanza kuchoka, kikapanda nusu tu, kikaacha.

"Inatoka," Habimana alinong'ona, machozi yanamtiririka kwa furaha. "Yezu wangu, inatoka."

Benitha hakukumbuka alivyovuka kile chumba. Alimshika mumewe bega na kiuno, akamgeuza ubavu kwa nguvu zake zote, akapiga mgongo, akaita jina mara tatu. "Cassien! Cassien! Cassien!" Na pumzi ikarudi kwa ngurumo iliyowafanya wale wawili waruke nyuma na kupiga mgongo ukutani.

Kwa Benitha ilikuwa ni uhai. Kwao ilikuwa ni kishindo cha jini likirudi kooni.

"Umefanya nini?" Habimana alisema, na hakukasirika, aliogopa, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Ilikuwa imetoka. Umeirudisha. Umeua mudogo yangu."

"Alikuwa anakufa! Dokteri alisema asilale chali, muangalie mudomo, muangalie rangi…"

Mganga aliinua mkono kwa upole. "Musimujibu. Haiko yeye anasema. Ilipita kwa mikono yake, sasa inatumia mudomo yake."

Tangu hapo hakuna neno alilosema lililokuwa lake. Alipolia, jini lililia. Alipoitoa barua ya Ikirezi mfukoni, jini lilikuwa linajua kusoma. Alipojitupa juu ya mumewe, majirani wawili walioitwa kusaidia walimwondoa kwa heshima, wakisema pole Maman, pole, huku wakiwa hawamtazami machoni. Iliamuliwa Cassien apelekwe Rwimbogo, nyumbani kwa mganga, aanze upya, safari hii siku arobaini, na mke asisogee.

Kulipokucha walimbeba hadi kwenye pickup, bado amelewa dawa, wakamlaza chali juu ya mkeka, uso ukitazama mbingu. Kichwa kiliangukia upande kidogo, pumzi ikapita laini. Habimana akakinyoosha kwa mikono miwili, taratibu, kama anayemtengenezea mtoto mto.

Benitha alisimama kizingitini, jirani mmoja kila upande. Alijua akipiga kelele watamfunga yeye kamba. Alijua akinyamaza Cassien hatageuzwa na mtu. Akauma midomo yake hadi ikatoa damu, akawaza labda akinyamaza vizuri, kama mke mwema, watamruhusu kwenda naye.

Dereva alikuwa bado hajawasha gari. Cassien alikoroma mara moja, mara ya pili, kwa nguvu, kisha ikakatika.

Nsengiyumva akainua kidole, na watu wote barabarani wakanyamaza.

"Munasikia?" alisema, akitabasamu. "Inaanza kutoka. Twende."