Sauti ya Bibi na Diski Mpya

Kila asubuhi baba mkwe wangu huja sebuleni na kikombe chake cha chai. Hukaa mbele ya kompyuta. Mimi hufungua folda inayoitwa Sauti, na marehemu mama mkwe, tuliyemrekodi akiwa hai, huanza kugomba: "Nyie kuku, nani kawaita jikoni?" Mzee hucheka kila siku kama vile ndiyo kwanza anasikia.

Jumamosi mume wangu alinunua diski mpya ili kuongeza nafasi. Akaifungua kompyuta, akachomoa nyaya, akaipachika diski ndani, akazirudisha. Kesho yake nikafungua folda ya Sauti. Ilikuwa tupu.

Mzee aliweka kikombe chini. "Ameniacha mara ya pili," alisema. Niliumia sana.

Mume wangu ni mjuaji wa kila kitu. "Nitafuta vyote, nianze upya," alisema.

"Huko si kutengeneza, ni kuzika!" nikamwambia. "Usiguse kitu. Namwita fundi."

Fundi wa kompyuta ni dada jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Alichungulia ndani ya kompyuta.

"Shemeji, nyaya ulizirudisha palepale?"

"Nilizirudisha zilipoingia."

Fundi akacheka. "Sauti zipo, msihofu. Kompyuta ikiwaka husoma orodha. Orodha huiambia: sehemu hii ya diski ifungue hapa, ile ifungue pale. Yenu inasema, 'Diski ya pili ifunguliwe kwenye folda ya Sauti.' Sasa diski mpya imekaa nafasi ya pili, ya zamani yenye sauti imesogea hadi ya tatu. Kompyuta imetii tu. Imewafungulia diski tupu."

"Na kama tungefuta vyote?" niliuliza.

"Hapo mngezipoteza kweli."

Mume wangu akatazama sakafu.

"Mapacha wenu mnawatambuaje?" fundi akamuuliza.

"Mkubwa ana kovu juu ya jicho."

"Hamsemi anayetangulia mlangoni ndiye mkubwa?"

"Thubutu! Wangetuchezea kila siku."

"Basi na diski ni hivyo hivyo. Kila sehemu ya diski ina namba yake ya utambulisho. Hilo ndilo kovu lake. Tuandike namba hiyo, tuache kuandika 'ya pili'. Hata nyaya zikihama, kompyuta itaitambua."

Kwanza alihifadhi nakala ya orodha ya zamani. Kisha akaandika namba, akakagua tarakimu moja moja, akazima na kuwasha.

"Na hiyo diski mpya," alisema, "wekeni humo nakala ya sauti zote. Kitu cha thamani hakikai mahali pamoja."

Nilifungua folda. Safari hii haikuwa tupu.

"Nyie kuku, nani kawaita jikoni?"

Mzee hakucheka. Aliinama karibu na spika.

"Ni mimi niliyewaita, mke wangu," alisema. "Miaka yote ile, ni mimi."